Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Lanet, Jumamosi jioni

Nekesa mwanangu,

Uliniomba nikuandikie kitu cha kusoma ukiwa ndani ya ndege. "Dad, iwe ndefu, si zile message zako za maneno matatu." Basi nimekubali, na ndefu itakuwa. Ila usingoje ndege. Isome kesho asubuhi, kabla baba yako mdogo Wafula hajafika na gari lake saa nne, kwa sababu humu ndani kuna jambo ambalo ukilijua ukiwa tayari angani halitamsaidia mtu.

Saa hizi uko kanisani, vijana wenzako wanakuimbia na kukuombea, na kwa jinsi ninavyomjua mchungaji wenu hutarudi upesi. Nyumba imepoa. Sanduku lako limesimama sebuleni na nimelizunguka mara tatu nne nikijifanya natafuta miwani, na miwani ninayo usoni. Miaka minne ya mafunzo ni mingi, mama. Nimezoea kukugombeza kwa kuacha dirisha wazi na kumaliza sukari. Kuanzia kesho sijui nitamgombeza nani, labda kuku.

Mambo ya pasipoti, ya soksi nzito, ya kutoweka pesa zote mfuko mmoja, shangazi yako ameshakuimbia wiki nzima. Mimi siyarudii. Nataka kukuambia habari za ile karatasi iliyo ukutani ndani ya fremu, na zile medali mbili chini yake.

Unaijua karatasi hiyo kuliko mimi. Ulipokuwa darasa la saba ulikuwa unawasomea wageni hata kabla hawajakunywa chai. Na mwezi jana ulipotoka kwenye intavyu ulinisimulia walivyokuuliza kwa nini unataka kurusha ndege za kivita, nawe ukawaambia kwa kichwa, bila kukosea hata neno: "Kwa miezi kumi na minne mikononi mwa adui hakutoa ila jina, cheo na namba yake. Hata jina la mke wake hakulitaja." Ukasema yule ofisa wa kike alivua miwani yake akajifuta macho. Nilicheka na wewe, nikakupongeza. Kisha nikatoka nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka ukaniita chakula kinapoa.

Ile medali ya kushoto ni ya kila aliyevuka mpaka wakati ule. Wapishi wanayo, madereva wanayo, na wote waliistahili. Ya kulia ndiyo yenye maneno. Maneno yenyewe ni ya kweli, usije ukafikiri nilimdanganya mtu. Lakini kuna kipande nilikikata, na kipande hicho kimenikalia kifuani tangu ukiwa mtoto.

Hadithi ya ndege unayo. Injini ilishika moto, nikavuta mpini wa kiti, nikarushwa nje. Mwenzangu aliyekuwa kwenye ndege ya pili hakuiona parachuti yangu kwa sababu ya vumbi, akarudi na kusema ameona moshi tu. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba ninapoisimulia mimi huwa mtulivu sana, na ukweli ni kwamba nilipiga mayowe mpaka nikagusa ardhi. Nikavunjika kifundo cha mguu. Walionikamata walinikuta nimekaa chini ya kichaka cha miiba nikijaribu kufunga kamba ya kiatu, sijui nilidhani naenda wapi.

Sasa sikiliza ambalo hulijui.

Mwezi wa tatu wa kifungo changu, mguu wangu ukiwa umeanza kunuka, waliniletea mzee wa kutibu vidonda. Jina lake silijui mpaka leo. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na alipofungua mdomo nikasikia Kiswahili cha kwetu kabisa. Akaniambia aliwahi kuuza saa na miwani ya jua hapa Nakuru akiwa kijana. "Nyinyi watu wa Nakuru," akasema akinikamua usaha, "mnabargain saa moja nzima, halafu mtu ananunua kitana." Mlinzi alikuwa mlangoni na hakujua lugha hiyo. Mzee akaendelea na sauti ile ile ya kufanya kazi, macho kwenye kidonda: "Kuna kijana wangu anavuka mpaka na ngamia Alhamisi. Andika mistari miwili kwa mke wako. Useme uko hai." Na akanisogezea kipande cha boksi la dawa na penseli fupi, chini ya bandeji.

Mwanangu, tulifundishwa. Tuliambiwa anayekupiga si wa kuogopwa sana, mwogope anayekuletea chai. Kwa hiyo nikamtazama usoni nikamtajia jina langu, cheo changu na namba yangu.

Akatikisa kichwa. "Hayo wameshaniambia. Mimi nakuuliza mke wako anaitwa nani."

Nikarudia jina, cheo, namba.

Kwa siku hiyo sijilaumu, na wewe usinilaumu. Askari yeyote mwenye akili angefanya vile. Alirudi tena mwezi uliofuata kubadilisha bandeji na kipande kingine cha boksi. Aliniambia ana mabinti wanne, na kwamba akichelewa sokoni tu mama yao huanza kulia kana kwamba ameshazikwa. Nikamjibu yale yale. Hiyo pia naweza kujisamehe, kwa shida kidogo.

Mara ya tatu alikuja uso wake umevimba, jicho moja limefunga. Walikuwa wamempiga kwa kukaa na mimi muda mrefu. Mlinzi alikuwa mwingine, mkali zaidi. Mzee alinifunga mguu, halafu, hata baada ya kipigo kile, nikahisi kitu kigumu kinasukumwa chini ya paja langu. Penseli na boksi. Alinitazama tu na lile jicho moja.

Na hapo nilijua, Nekesa. Mtu hapigwi namna ile kwa maigizo. Nilijua kwamba ni mzee mzima aliyetaka mke wangu alale usingizi, basi. Nilijua, na bado nikafungua mdomo nikasema jina, cheo, namba. Akakusanya vitu vyake akatoka na sikumwona tena.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Woga ungekuwa jibu zuri, watu husamehe woga. Sikuogopa. Nilikuwa nimeanza kujipenda. Walikuwa wameninyang'anya kila kitu, mpaka viatu, nikabaki na ule ukimya wangu, nami nilikuwa naupiga pasi kila asubuhi kama sare ya gwaride. Nilikuwa nalala pale kwenye mkeka nikijiona ninavyosimuliwa: yule mtu hakusema neno, hata moja. Nikikuambia kwamba karatasi ile ya ukutani niliisoma kichwani mwangu kabla haijaandikwa, utaniamini? Mistari miwili kwa mama yako ingeiharibu. Ndivyo nilivyokuwa mjinga, na ndivyo nilivyokuwa peke yangu.

Niliporudi, wakubwa walinihoji siku tatu. Nikawaambia waliniuliza jina la mke wangu na sikulitaja. Kweli tupu. Sikuwaambia aliyeuliza ni nani, wala alichokuwa ameshika mkononi. Mmoja wao akaandika, akapigia mstari, na mstari huo ndio ulionipa medali.

Huku nyumbani, mwezi wa tano ule ule niliokuwa najipigia pasi, mama yako alikuwa na miaka thelathini na moja na mtoto mmoja wa darasa la tatu. Jeshi lilimwambia mume wake hajulikani aliko. Ukoo ukangoja, na mwezi wa tisa ukachoka kungoja. Unajua kwetu mtu hawezi kupotea tu akaachwa hivyo hivyo, hana kaburi, hana matanga, watu hawajui wamlilie au wamwombee. Wafula alikuwa na harusi imesimama kwa sababu yangu. Nyanya yako alikuwa hali chakula. Babu zako wakaja kule Rongai, kwenye shamba letu, wakasema mgomba ukatwe, uvishwe nguo zangu, uwekwe kwenye jeneza, uzikwe kwa jina langu, ili roho yangu popote ilipo itulie. Mchungaji alikuja lakini akakaa kando. Nimeambiwa alisema, "Familia nitaiombea. Hilo jeneza sitalihubiria."

Wewe ulikuwepo. Ulitupa udongo kwa mkono wako mdogo kwa sababu shangazi alikuambia utupe. Najua unakumbuka, kwa maana ulikuwa unaota ndoto hiyo mpaka ukafika darasa la sita.

Miezi mitano baadaye niliachiliwa, nikafika Rongai na gari la jeshi, nimekonda, natembea na gongo. Nilidhani nitakumbatiwa. Wazee walinisimamisha nje ya ua. Aliyekwisha kuliliwa na kuzikwa haingii tu kwa mlango kana kwamba alikwenda sokoni. Lazima kaburi lifukuliwe kwanza, kondoo achinjwe, nguo nilizokuja nazo zichomwe. Wewe ulipiga kelele "Daddy!" ukaja mbio na Wafula akakudaka kiunoni, miguu yako ikawa inarusha mateke hewani. Usiku ule nililala kwenye banda la mbuzi. Asubuhi walifukua, nikasimama pale nikatazama mgomba uliooza unatolewa ardhini ukiwa umevaa shati langu la drafti za buluu, lile nililomuoa nalo mama yako ofisini kwa DC.

Shati lile ndilo lililoniua. Si kipigo, si njaa. Nikamgeukia mama yako mbele ya watu wote nikamwambia, "Kwa hiyo ulinizika." Alikuwa ameshika kitambaa mdomoni.

Na kuanzia siku hiyo nikaanza kumwita Mjane. Unakumbuka? "Mjane, leta chai." "Mjane, shati langu liko wapi, au umelizika?" Nilikuwa nasema nikicheka, wageni nao wanacheka, kwa sababu shujaa akitania lazima ucheke. Wewe pia ulikuwa unacheka. Miaka minne mama yako aliniletea chai akiitwa jina hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika penseli, yeye ndiye aliyeitikia Mjane. Kila nilipomwita hivyo ile penseli ilinichoma, na kila iliponichoma nilimwita tena. Sijui kukueleza vizuri zaidi ya hapo.

Alipoondoka na cherehani yake akaenda kupanga chumba Bondeni, ulikuwa na miaka kumi na tatu. Alikuomba mwende pamoja. Ulisimama kwenye mlango huu wa jikoni ukamwambia, "Wewe hukungoja. Dad alinyamaza kwa ajili yako, na wewe hukungoja hata mwaka." Mimi nilikuwa hapa mezani, nimeketi kiti hiki hiki. Alinitazama. Alinipa nafasi ya kusema kitu, ilikuwa nafasi ndefu, maji yalichemka yakamwagika kwenye jiko. Nikanyanyua gazeti.

Tangu hapo ni miaka saba humsemeshi. Ukimwona mjini unavuka barabara. Rinda alilokushonea ukiwa kidato cha pili ulilirudisha likiwa bado kwenye mfuko. Na ile siku ya zawadi shuleni, ulipotoka wa kwanza, alikuja akasimama karibu na geti na skafu yake ya kijani, ukaniambia, "Dad, mwambie aende." Nami nikaenda nikamwambia. Nilitembea uwanja mzima na gongo langu, medali zikilia kifuani, nikamwambia mama wa mtoto aende. Akauliza tu, "Ni yeye amesema?" Nikasema ndiyo. Akaenda.

Nimefanya makosa mengine maishani, nimelewa, nimegombana na wakubwa, niliuza gari zima kwa hasira. Ukitaka nitakuandikia siku nyingine tucheke. Lakini mwendo ule wa kuvuka uwanja wa shule ndio ninaouota mimi.

Leo mchana ulipokwenda kusuka nywele, niliteremka Bondeni.

Anashona kwenye kibanda cha pembeni, karibu na nyumba zile za zamani za kaunsili. Alikuwa anatia vifungo kwenye sare za shule, rundo limefika kiunoni. Aliponiona hakusimama.

"Umefuata nini?"

"Nekesa anaenda kesho."

"Najua. Nani hajui? Hata muuza makaa ananiambia, Mama Rubani, hongera."

Nikamwambia nina neno. Akasema niseme, mikono yake inasikia na masikio pia. Hakunipa kiti, nami nilikuwa sistahili kiti. Basi nikasimama pale mlangoni, boda zinapita nyuma yangu, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe: mzee, boksi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikukata kipande safari hii. Ilichukua muda mfupi sana, dakika tano hivi. Nilishangaa. Jambo nililolibeba miaka kumi na moja, kumbe halifiki dakika kumi.

Sindano ilisimama nilipofika kwenye mara ya tatu.

"Hiyo ilikuwa mwezi gani?"

"Wa tano. Mwisho mwisho."

Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Mwezi wa tano nilikuwa nakuja pale geti ya barracks kila Friday. Yule kijana wa geti ananiambia, mathe, rudi next week. Narudi next week." Kisha akasema, "Hata kama hungesema uko hai. Ungeandika tu Rose. Hiyo mwandiko yako mbaya ningeijua."

Nilidhani atalia, au atanirushia mkasi. Aliendelea na kifungo chake mpaka akakata uzi kwa meno. Halafu akaniambia jambo ambalo mimi sikulijua, na sasa wewe unalijua pia.

"Ile shati haikuwa yako."

Nikamuuliza shati gani.

"Ya kwa mgomba. Wazee walikuja wanataka nguo zako. Nikaenda mitumba nikatafuta inafanana, nilizunguka siku mbili. Drafti, blue, hata ilikuwa size kubwa kukuliko. Ndio nikawapea. Nilijua kama ni nguo yako inaenda chini, basi wewe pia umeenda. Yako ilikuwa chini ya godoro yangu. Na udongo sikutupa, uliza Wafula."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ulikuja ukaniita Mjane."

Kwa hiyo huyo ndiye mwanamke ambaye hakungoja. Alidanganya ukoo mzima, alidanganya wazee na kaburi lenyewe, ili nisife. Na akanyamaza. Mimi kwa kunyamaza nilipewa medali. Yeye alipewa chumba kimoja Bondeni.

Sikuandikii haya ili uache kwenda. Nenda. Ulianza kutazama angani kabla hujajua kusoma, na mikono yako imetulia kuliko yangu ilivyowahi kuwa. Huko watakufundisha kunyamaza mbele ya adui na ni sawa, jifunze vizuri, kuna wenzako maisha yao yatakaa kwenye ulimi wako. Ila siku utakayojikuta unaipenda picha yako mwenyewe ukiwa unateseka, siku hiyo hiyo tafuta mtu wa nyumbani umwambie unaumwa. Mimi hakuna aliyeniambia hilo, na hata kama lingesemwa sidhani ningesikia, kwa hiyo huenda nawe hutasikia. Nimelisema tu ili baadaye usiseme baba alijua akanyamaza.

Wala sikuandikii ili mama yako anirudie. Nilimuuliza, usicheke, nilikuwa na ujasiri wa mtu aliyekwisha kupoteza. Akasema, "Hapana. Mimi sasa nalala vizuri." Nimelielewa jibu hilo. Sitamsumbua tena.

Alichotaka ni kimoja. Nilipogeuka kuondoka aliniita kwa jina langu, si Baba Nekesa, jina langu la nyumbani. Akasema, "Umwambie kabla hajaenda. Si juu yangu, mimi nimezoea. Ni yeye. Asiende huko kwa watu akifikiri kupenda ni hivyo."

Kibanda anafungua saa moja asubuhi hata Jumapili, kwa sababu ya hizo sare. Kutoka hapa mpaka Bondeni na boda ni dakika chache, utarudi kabla Wafula hajafika. Hatakuja hapa na hatakuja Nairobi kukuaga. Alisema, "Akikuja, akuje. Nikimfuata airport nitamwaibisha mbele ya hao wenzake." Yule mama aliyefukuzwa getini hawezi kusimama kwenye geti lingine, nadhani unaelewa. Na usimlaumu Wafula njiani. Alikuwa kijana wa kutaka kuoa, na naye alinilia kwelikweli.

Nimefikiria sana kabla ya kuandika. Katika mji huu mzima kuna mtu mmoja tu anayeniona kama yule wa kwenye karatasi, na ni wewe. Nilijua nikikuambia nitampoteza huyo pia, na nyumba hii itakuwa na mzee mwenye gongo na kuku wake. Jana nusura nikuache uende hivyo hivyo na shujaa wako. Ingekuwa rahisi, ungenipigia simu kila Jumapili, ungewaambia wenzako habari zangu. Nimeogopa sana, mwanangu, kuliko nilivyoogopa kwenye ile parachuti.

Barua nitaiweka juu ya sanduku lako. Asubuhi nitakuwa jikoni, nitachemsha chai, sitakuja kukutazama ukisoma. Ukipita moja kwa moja kwenda Bondeni bila kunisalimia, nenda, huko ndiko kwenye haraka. Ukirudi, au ukiwa njiani kwenda Nairobi, au hata ukiwa huko ugenini mwezi wa tatu na hasira bado haijapoa, nipigie simu unitukane. Nitukane kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, kwa hiyo Sheng yenu nisiyoielewa. Niambie ulimtupa mama yako miaka saba kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo. Nitasikiliza yote na sitajitetea.

Ila usininyamazie, Nekesa. Nimemfanyia mtu hivyo, najua inavyofanya kazi.

Baba yako